Programu ya maktaba iliyokipa kitabu cheo na kumpa profesa kichwa (nyota tatu)

Nimeitumia hii programu ya kupanga maktaba miezi saba sasa, na kabla sijalipia mwaka mwingine nikaona bora niandike ninavyoiona, maana maoni mengi niliyosoma ni ya watu walioifungua siku mbili wakasifia rangi. Jina lake nalihifadhi, jamaa wameniahidi marekebisho na sitaki ugomvi nao, ila ukiwa unaitumia kwa Kiswahili utaijua kabla sijafika aya ya pili.

Siku ya kwanza nimechagua lugha, Kiswahili hicho kipo, nikafurahi kweli. Nikabonyeza "ongeza kitabu". Kitu cha kwanza inaniuliza: Cheo. Nikakaa nikaitazama. Cheo cha kitabu? Kitabu hiki ni koplo au sajini? Nikasema labda nimekosea mlango, nikatoka nikaenda upande wa wanachama nimwandikishe mwenyekiti wetu kwanza, na pale nilipotegemea kukuta Bw. na Bi. pameandikwa "Kichwa". Chagua kichwa. Nafungua menyu ya vichwa, wamepangwa mle Bw., Bi., Bibi, Dkt., Prof., Sir, Lord, Mch. Mwenyekiti wetu ni profesa, basi nikampa kichwa chake nikaseva.

Kilichotokea kinajulikana. Kiingereza wana neno moja tu kwa vitu vyote viwili, title, lile lile la "Bwana" mbele ya jina la mtu ndilo la maandishi makubwa juu ya jalada la kitabu. Mtafsiri, awe mtu awe mashine, alipewa orodha ya maneno bila kuonyeshwa skrini, akaona neno limetokea mara mbili akalipa tafsiri mbili ili mambo yawe sawa, halafu zikabandikwa kinyume. Sisi hatuna shida hiyo hata kidogo. Mtu ana cheo, au lakabu, au jina la heshima. Kitabu kina jina. Gazeti lina kichwa cha habari. Hakuna mtoto wa shule anayevichanganya, imebidi ije kompyuta.

Nikawaandikia. Wakajibu haraka, hilo nawapa alama zao, na baada ya wiki kama tatu ikaja apdeti. Kichwa cha mtu kikawa "Cheo", safi. Cheo cha kitabu kikawa "Anwani".

Sasa hapa niwe muungwana, anwani si kosa. Walimu wa fasihi wanaitumia hivyo hivyo, anwani ya riwaya, anwani ya shairi, na huko lilikotoka kwenye Kiarabu neno lenyewe linabeba maana zote mbili, jina la kitabu na mahali unapopeleka barua. Ila maktaba yetu inaendeshwa na watu wa kujitolea, siyo walimu wa fasihi. Kijana mmoja akashika zamu Jumamosi, akaingiza vitabu hamsini na kitu vya msaada tulivyoletewa, kazi nzuri, haraka, nadhifu. Jumatatu nafungua orodha naona tuna vitabu hamsini na kitu vinavyoitwa "Kabati la 3, rafu ya juu". Vyote. Kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho anwani yake ni kabati la tatu. Nikamuuliza vipi bwana mdogo, akanijibu kwa utulivu kabisa, "Si imeuliza anwani? Ndo vinapokaa." Na hana kosa jamani! Imeuliza vinakokaa akasema vinakokaa.

Waandike "Jina la kitabu" yaishe. Ndivyo watu wanavyosema dukani, darasani, na kitandani wakiwa wanatafuta cha kusoma.

Kuna utani mmoja kidogo kabla sijaendelea, maana hili la "kichwa" limenikaa. Nilivyolicheka sana nikagundua kumbe walikuwa wamegusa kitu bila kujua. Rais, neno letu la kila siku, limetoka kwenye Kiarabu na shina lake ni kichwa. Ras wa Ethiopia, kama Ras Tafari kabla hajavikwa taji akaitwa Haile Selassie mwaka 1930, ni kichwa hicho hicho kwa Kiamhari. Kapteni naye ametokana na Kilatini cha kichwa. Kwa hiyo dunia nzima imewapa watu vichwa kuwa vyeo, ni sisi tu tuliobakiza kichwa kwa ajili ya gazeti na treni. Na wazee je? Sheikh maana yake ya asili ni mzee. Sir, ukimfuata mpaka kwenye mizizi, anafika kwenye Kilatini cha "mwenye umri zaidi", señor wa Kihispania njia ni hiyo hiyo. Sisi tunasema Mzee fulani moja kwa moja bila kuficha. Halafu hiyo Mzee kwenye menyu yao hamna. Lord ipo. Tuna wanachama tisini na ushei na sijawahi kumwona Lord akija kuazima riwaya, Wazee ninao kumi na wawili.

Turudi kwenye mambo ya watu. Shida kubwa kuliko zote siyo tafsiri, ni kwamba hiyo sehemu ni ya LAZIMA. Hujachagua cheo, haisevu. Na orodha yenyewe ina Bi. halafu chini yake Bibi, hakuna maelezo ipi ni ipi. Nadhani walikuwa wanajaribu kutenganisha mwanamke asiyeolewa na aliyeolewa kama Kiingereza cha zamani, ila hawajasema, kwa hiyo kila anayeshika zamu anachagua kwa hisia zake. Matokeo yake dada mmoja, nadhani hajafika hata miaka ishirini na tano, amechelewesha kitabu siku nne tu akapokea baruapepe inaanza "Mpendwa Bibi". Alikuja nayo kwenye simu. Hakugombana, aliniwekea tu mezani, akakaa kimya akiniangalia. Kwa watu wengi bibi ni mama mzaa baba au mama mzaa mama, basi. Kuna wanaoitumia kama heshima ya mwanamke aliyeolewa na si vibaya, ila huwezi kumrushia mtu usiyemjua halafu utegemee alete kitabu akiwa anatabasamu.

Na hii kazi ya kuuliza mwanamke kaolewa au hajaolewa kabla hujamwandikia barua wenyewe walioianzisha wameshaichoka. Kwa Kiingereza ile Ms isiyoulizia ndoa ilipendekezwa gazetini huko Marekani mwaka 1901, ikalala usingizi mpaka miaka ya 1970 ndo ikashika, na New York Times walikuja kuikubali 1986. Ujerumani Magharibi serikali iliondoa Fräulein, la mwanamke asiyeolewa, kwenye maandishi ya ofisi 1972. Ufaransa nao wakaitoa Mademoiselle kwenye fomu za serikali 2012. Halafu programu iliyotengenezwa juzi inakuja kutuletea Bi. na Bibi. Acheni Bi. peke yake, inatosha, na asiyetaka chochote aachwe na jina lake.

Dkt. nayo ina vituko vyake. Tuna mwanachama ana shahada ya uzamivu kwenye historia, anataka Dkt. yake na ni haki yake, kaitolea jasho, tena kwa asili doctor ni Kilatini cha mwalimu, kwa hiyo ukitazama vizuri yeye ndiye mwenye neno na wa hospitali ni wageni waalikwa. Ila ratiba ya mazungumzo ya Jumamosi programu imeiprinti kwa neno kamili, "Daktari", si kifupi, na baada ya mazungumzo ya njia za biashara za kale mama mmoja akamfuata pembeni na bahasha ya vipimo vya mgongo. Yule bwana kaisoma bahasha yote kwa adabu kisha akamwambia mama, mimi ningekusaidia kama mgongo wako ungekuwa wa karne ya kumi na tano. Uingereza huko mambo yamegeuka kabisa, daktari bingwa wa upasuaji akishafuzu anarudi kuitwa Bwana au Bi, ni mabaki ya enzi wapasuaji walikuwa chama kimoja na vinyozi na hawakuwa na shahada, na leo ukimwita Doctor wengine wanahisi umewashusha. Menyu gani itaweza hayo yote? Ndo maana nasema wangeweka nafasi tupu mtu aandike mwenyewe anavyoitwa.

Na wapi cheo kinakaa nalo ni swali ambalo programu imelijibu kabla halijaulizwa: mbele ya jina la ukoo, daima. Kwenye kitabu chetu cha fizikia tumeandika mhusika Isaac Newton, alipewa u-Sir mwaka 1705, programu inaonyesha "Sir Newton". Hakuna Sir Newton. Sir inashikana na jina la kwanza, Sir Isaac, kama Don ya Kihispania. Wajapani -san yao inakaa nyuma ya jina. Waturuki walikuwa na efendi na bey zinakuja baada ya jina, serikali ikazifuta kisheria mwaka 1934, lakini efendi ilikuwa imeshasafiri siku nyingi, ndiyo hiyo afande tunayomwitia askari mpaka leo. Iceland wanaitana jina la kwanza tu, hata kitabu cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Sisi wenyewe tunaweza kusema Mwalimu tukaishia hapo bila jina na watu wakajua tunamsema nani.

Upande wa waandishi hapo wamejitahidi, niseme ukweli, halafu wakajiharibia. Katika orodha ya maktaba mwandishi haandikwi na vyeo vyake, Dkt. na Prof. vinatolewa, vinginevyo mtu huyo huyo unampata mara tatu, mara yuko D, mara yuko P, mara yuko anapotakiwa kuwa. Programu inavifuta yenyewe ukiseva. Wazo zuri sana, limeniokolea masaa. Ila inafuta kama panga. Dr. Seuss, yule wa vitabu vya watoto, amekuwa "Seuss". Huyo si daktari wa kitu chochote aliyeombwa kuonyesha cheti, jina lake ni Theodor Seuss Geisel, Dr. aliijitungia kama sehemu ya jina la kalamu, ukimtolea hiyo umemnyang'anya jina lenyewe. Kuna vyeo vimeshakuwa majina na havitoki tena. Mahatma ya Gandhi si jina, aliitwa Mohandas, lakini nani atatafuta Mohandas kwenye rafu? Genghis Khan aliitwa Temüjin. Augustus lilikuwa jina la heshima alilopewa Octavian na baraza la Roma. Na Kaisari kaenda njia ya kurudi, lilianza kuwa jina la familia ya mtu mmoja likaishia kuwa cheo cha wafalme, Kaiser kwa Wajerumani, Tsar kwa Warusi. Kwa hiyo kifutio chochote lazima kiwe na kitufe cha "usiguse". Hiki hakina.

Cha kuchekesha kuliko vyote ni pale panga lilipovuka likaingia kwenye majina ya vitabu. Tuna nakala ya riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ile aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe miaka ya 1940 na Kiswahili chake kikatoka 1980. Wapenzi wa hiyo riwaya wanajua, jina lake limejaa watu kama sherehe. Mwanachama kaja anaitaka, natafuta B, hamna. Natafuta tena, hamna. Nimeanza kumtuhumu kimoyomoyo aliyeazima wa mwisho. Kumbe ipo, iko M! Programu imeona "Bwana" ikasema aa, hiki cheo, nikiruke, ikaipanga kwa Myombekere. Na lebo ya mgongoni imeprintiwa "Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntu". Ntu nini? Herufi zimeisha. Nilisimama na hiyo lebo mkononi, ndogo kama kucha ya kidole gumba, nikawa najiuliza Bibi kasalimika vipi, kumbe panga linakata mwanzo tu. Mke kabaki na heshima zake, mume kavuliwa hadharani.

Tena dawa ya hili jambo ipo tangu zamani. Mfumo wa MARC wa maktaba, ulioanzia Marekani miaka ya 1960 kwa kazi ya Henriette Avram, kwenye sehemu ya jina la kitabu (namba 245 kwa wanaojua) una nafasi ya tarakimu moja tu unayoandika herufi ngapi zirukwe wakati wa kupanga. The Merchant of Venice unaandika 4, The pamoja na nafasi yake, kitabu kinapangwa kwenye M. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya tamthilia hiyo hiyo, unaandika 0, maana Kiswahili hakina neno kama The la kuruka mbele. Kila kitabu kinapewa namba yake na mtu mwenye akili zake. Hawa wa programu wameweka orodha moja ya maneno ya kuruka kwa vitabu vyote duniani, The, A, Le, El, Al, na mtu fulani akaona aongeze Bwana. Na wa, na, ya zote wanazipa herufi kubwa, Mabepari Wa Venisi, kama Kiingereza, inaniuma macho kila siku.

Lingine ni kwamba inakataa jina lijirudie. "Anwani hii tayari ipo." Ndiyo ipo, vitabu viwili vya watu wawili tofauti vinaitwa jina moja, kuna ubaya gani? Jina la kitabu peke yake halilindwi na hakimiliki, Marekani wameliweka wazi kabisa, ndo maana majina mafupi matamu yanatumika na waandishi kumi. Cha kutofautisha ni mwandishi, mwaka, na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, hiyo ya tarakimu 13 tangu 2007. Nimelazimika kuweka nukta mwishoni mwa jina la kitabu cha pili ili kipite.

Sasa kilichonifanya nisiwape nyota moja. Kuna kisehemu kipo chini kabisa ya ukurasa, wengi hawakifungui, kinaitwa "Majina mengine". Hapo wamefanya kazi. Kazi moja unaipa majina mengi unavyotaka, na mtu akitafuta kwa lolote anafika. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter Uingereza kilitoka 1997 kikiwa na jiwe la mwanafalsafa, mwaka uliofuata Marekani wakaliita jiwe la mchawi, tunazo nakala zote mbili na sasa zinakaa pamoja. Riwaya ya Orwell ya 1949 ukiandika 1984 kwa tarakimu au kwa maneno inakuja. Ile sonata ya Beethoven ya mbalamwezi, jina hilo si lake, yeye aliichapisha 1802 kama opus 27 namba 2 na la mbalamwezi limekuja baada ya kifo chake, lakini nani anaijua kwa namba, basi unaweka yote.

Na picha tulizonazo kwenye vitabu vya sanaa nazo nikajaribu. Leonardo hakuacha jina la ile picha yake. Waitalia wanaiita La Gioconda, Wafaransa La Joconde, kwa sababu mwanamke mwenyewe anasemekana ni mke wa Francesco del Giocondo, na dunia iliyobaki tunasema Mona Lisa. Mona ni kifupi cha madonna, bibi yangu, yaani ukiitafsiri sawasawa picha inayojulikana kuliko zote inaitwa Bi Lisa tu. Cheo cha mtu kimeingia kikawa jina la kazi, vyote viwili kwenye fremu moja. Nikaiingiza kwa woga, nikijua panga linasubiri. Ikapita, Mona hawakuiweka kwenye orodha yao ya vyeo. Tafadhali mtu asiwaambie.

Mengine haraka: lebo zinaprintika vizuri ukiacha huo urefu, inafanya kazi bila intaneti, kuhamisha faili kutoka kwenye programu ya zamani ilichukua mchana mmoja bila kupoteza kitu. Huduma kwa wateja wana adabu, ingawa baruapepe yao ya mwisho ilianza "Mpendwa Kichwa Bw.", nadhani upande wao apdeti bado.

Kwa mliokwisha kuinunua, njia ya mkato niliyoipata ni hii: kwenye cheo cha mwanachama nenda chini kabisa ya menyu uchague "Nyingine", halafu kwenye kile kisanduku kidogo gonga nafasi mara moja, usiandike kitu, inakubali. Barua zinatoka na "Mpendwa" kisha jina, pengo kidogo katikati. Yule dada wa "Mpendwa Bibi" amepata barua ya namna hiyo wiki iliyopita, kitabu karudisha siku ya pili yake.